Mayai ya Kamba Koche

Zamlata aliposikia kandambili za Bi Tatu zikiburuzika uani, mswaki ulikuwa bado mkononi. Alikuwa akimkwangua kamba koche mayai ya mwisho tumboni. Aliuficha mswaki nyuma ya mtungi, akajipangusa mikono kwenye kanga.

Marufuku ya kuuza kamba wenye mayai waliipitisha wenyewe wachuuzi, na mkono wake ndio uliotangulia kunyooshwa. Lakini wiki nzima mitego ya mumewe ilirudi mitupu, na kamba huyu alikuwa mkubwa.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukagua."

Bi Tatu, aliyechaguliwa na wachuuzi kukagua kamba kabla hawajauzwa, alimgeuza kamba na kumtazama chini ya mkia.

"Huyu hana mayai," alisema Bi Tatu. "Wote wangekuwa kama wewe, bahari ingepumua."

Akanyoosha mkono wa kuaga. Zamlata hakuwa na namna ila kuupokea.

Walipoachiana mikono, Bi Tatu hakuondoka. Alikuwa anatazama kiganja chake. Punje za rangi ya machungwa, ndogo kuliko ulezi, zilikuwa zimemganda vidoleni.