Nusu Inchi ya Kumtia Moyo

"Ngapi leo, dada fundi?" mteja wangu aliuliza, mikono juu, pumzi kaibana.

Utepe ulizunguka tumbo lake la chini, lile sugu, alilopambana nalo miezi minne kwa kuruka kamba na kula mboga za kuchemsha. Kila Jumamosi alikuja nimpime, na kila Jumamosi nilimpunguzia nusu inchi kwa mdomo tu, kumtia moyo, kisha nikapanua kiuno cha sketi yake kimyakimya.

Vipimo vya kweli niliviandika ukurasa wa nyuma wa daftari. Mkasi haudanganywi.

Leo mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka, mikono imebaki vijiti. Lakini chini ya kitovu, upande mmoja tu, vidole vyangu viligusa kitu kigumu, na utepe ulisoma zaidi ya Jumamosi zote zilizopita.

"Sema basi! Nimepungua?"

Namba ya uongo ilikuwa tayari ulimini. Nikaimeza.

Nikachana ukurasa wa nyuma, nikamwekea kiganjani. "Huu mpelekee daktari, mdogo wangu. Leo hii."

Alianza kuusoma huku bado anatabasamu.