Gumba Ndani ya Nta

Gumba lilikuwa limekonda tena.

Kijiti cha kupimia kilichoenea barabara safari iliyopita leo kiligoma kuingia kwenye tundu la nta. Fundi akachukua chembamba zaidi, kile cha watoto wanaojifunza. Kikaingia chote.

"Mume wako anaumwa?"

Mteja alikaa kwenye benchi, mikono imezama ndani ya mkoba. "Haumwi, mama. Ana mwili mdogo tu."

"Mwili mdogo haupungui kila ukija hapa."

Nje honi ililia. Mteja akashtuka kama aliyechomwa sindano.

Kazi ya fundi hasa ilikuwa vifungo vya nguo, vya pembe za ng'ombe. Piki za gumba zilikuja baadaye, wapiga gitaa walipogundua kwamba pembe hutoa sauti yenye joto kuliko plastiki. Piki ya namna hiyo huvaliwa kama pete, na ina ulimi wa kugonga nyuzi. Ikipwaya, inaruka katikati ya wimbo. Ikibana, gumba linakufa ganzi. Kwa hiyo mteja asiyeweza kuja mwenyewe alipelekewa kikopo cha nta, akadidimiza gumba lake, kikopo kikarudi.

Vikopo vya mteja huyu vilikuwa vitatu. Kwenye cha kwanza gumba lilikuwa na nyama zake, na ulimi ulioagizwa ulikuwa mrefu, mgumu, wa kupigia dansi ukumbini. Cha pili kilikuja na gumba jembamba na maneno haya: "Siku hizi anapiga peke yake. Gumba lishike besi, vidole viimbe." Fundi akauchonga ulimi mfupi, mnene.

"Na leo anataka upigaji gani?"

"Wa chini kabisa. Ulimi laini, usuguliwe mpaka uwe kama ukucha. Sauti isivuke mlango."

"Kwani mlango umefungwa?"

"Mlango ni mlango, mama," alisema mteja, akainuka kwenda dirishani kuchagua vifungo. Hakuwahi kuondoka bila kadi ya vifungo mkononi, na havikuwahi kufanana na nguo yake hata siku moja.

Fundi akamwinamia wifi yake, aliyekuwa akipanga vifungo kwenye kadi. "Huyu anamuua mumewe."

"Wifi, wewe unapima vidole au unapima ndoa za watu?"

"Gumba halijui kusema uongo. Kuna mtu amefungiwa ndani, ananyimwa chakula, na mkewe yuko hapa anachagua vifungo."

"Labda ana kisukari."

"Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta naye tulisema ana kisukari. Tukamzika."

Wifi akainamia kadi yake. Wote wawili walikuwa wamesikia yaliyokuwa yakipita kwenye ukuta ule, na wote wawili waliongeza sauti ya redio. Tangu mazishi yale, redio ya fundi haikuwahi kufunguliwa tena.

Mteja alirudi na vifungo vyake. Alipotoa mkono kwenye mkoba kulipa, pete yake ya ndoa ilionekana imezungushiwa uzi mwekundu ili isivuke kiungo. Hata pete labda si yake, fundi akawaza.

"Sichukui oda hii," alisema. "Nta inanichanganya. Aje mwenyewe nimpime."

"Hawezi kuja."

"Basi nimfuate."

"Mama, nakuomba." Sauti ilishuka ikawa kama ya mtu anayeongea na sakafu. "Ni kitu pekee kilichobaki. Bila hicho, mtu atafia ndani ya nyumba ile."

"Atafia kwa kukosa piki? Mimi nimelea wanne, binti yangu. Ninajua mtu anakonda kwa kukosa nini."

Honi ililia tena, safari hii ndefu. Fundi alichungulia. Lilikuwa gari lilelile jeupe lenye vioo vyeusi, na dereva yuleyule ambaye siku zote humngoja mteja bila kuzima injini, kiwiko dirishani, ameshiba, shati limenyooshwa vizuri. Mtu anayekula mkate wa bwana wake hawezi kumtakia bwana mabaya. Kama mke hataki kufikisha ujumbe, dereva ataufikisha.

Fundi alivuta aproni yake ikae sawa, akaelekea mlangoni.

"Mama, usiende! Mama!"

Mteja alimdaka aproni kwa nyuma. Mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Fundi alipiga hatua moja tu, ukaachia. Akashuka ngazi, akasimama kwenye dirisha la gari, mikono kiunoni.

"Kaka, za kazi? Mwambie bosi wako aje hapa mwenyewe nimpime gumba lake la gitaa. Na mkewe akikataa kumleta, nitakuja huko nyumbani na polisi. Umenisikia?"

Dereva alizima injini. Akaondoa mkono kwenye usukani taratibu, na gumba lake lilikuwa nene, la kujaa. Lisingeingia kwenye tundu la nta hata moja kati ya yale matatu.

Nyuma ya fundi, kitu kidogo cha chuma kiligonga ngazi ya saruji, kikabingirika hadi mguuni pake kikiburuta uzi mwekundu.

"Mume wake ni mimi," alisema yule mtu kwa upole, macho yake yakimpita fundi hadi mlangoni. "Gitaa gani?"