Mtoto Aliyezaliwa Siku Mbili

Jumamosi, tarehe 16 Agosti. Alfajiri ilikuja na ukungu na manyunyu ya baridi, yale yanayolowesha nguo bila mtu kuyaona, na mtoto alikuwa ameshaitwa majina mawili kabla hajapewa hata moja.

"Ekow wangu!" Maame Aba alimfunua mjukuu wake ndani ya shuka jeupe. "Haya masikio umeyaokota wapi, wewe? Kwetu hakuna mwenye masikio ya sufuria."

"Ekow tena?" alidakia jirani, Mama Tawiah, huku akimenya viazi vikuu. "Huyo Kweku. Ewurama mwenyewe kaniambia kazaliwa Jumatano."

"Mimi kaniambia Alhamisi."

"Basi kichwa kilitoka Jumatano, miguu ikaona baridi, ikangoja Alhamisi!"

Wanawake wakaangua kicheko. Ewurama naye akacheka ili asionekane peke yake, akampokea mtoto kutoka kwa mama mkwe wake, akamfunika tena.

Kwa Wafante, watu wa kabila lao, siku ya kuzaliwa ndiyo jina la kwanza la mtu. Wa Jumatano ni Kweku, wa Alhamisi ni Ekow, na hakuna wa katikati. Mama aweza kusahau alikoweka chumvi, lakini siku ya mwanawe haisahau. Ewurama alikuwa ametaja siku mbili kwa watu wawili, kwa hofu tu, na leo, siku ya kumpa mtoto jina, watu hao wameketi benchi moja.

Alitazama lango. Wajomba wa mumewe walikuwa wameliegemea, wakipiga soga. Akatazama mlango wa jikoni. Masufuria yalikuwa yameuziba. Nyuma yake ukuta. Kila aliyeingia alimsukuma kidogo zaidi kwenye kona, akimpongeza.

Leo ukweli ukijulikana, atatoka katika nyumba hii bila mume na bila mtoto. Bila mume angeishi. Bila mtoto, hapana.

Alikuwa amekwenda mji wa Elmina kwa mama yake kujifungua, kama wafanyavyo wote. Kwamena, mumewe, alipofika kuwachukua, alimpakata mtoto akamkazia macho kwa muda mrefu. Kisha mama yake Ewurama akamwita nyuma ya nyumba. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na tangu siku hiyo hakuuliza swali hata moja. Ewurama angependa aulize. Angependa hata apige meza. Ule ukimya ulikuwa ukimfuata chumba hadi chumba.

"Umemwambia nini, Mama?" alinong'ona siku ile, wakifunga mizigo.

"Mimi sisemi uongo, mwanangu, unanijua. Mwachie Bwana. Anayealikwa huja."

Ndivyo mama yake alivyokuwa. Kila sherehe, hata ya samaki mmoja, alitoa kiti barazani, akakitandika kitambaa cheupe, akakiacha kitupu. Kiti cha Bwana, mgeni wa kwanza.

Sasa Kwamena akatoka ndani amebeba kiti, na Ewurama akakitambua mara moja. Kilikuwa kile kile cha Elmina, chenye mguu uliofungwa waya. Alikifuata lini? Kwa nini hakumwambia? Kwamena alikiweka katikati ya ua, akakitandika kitambaa cheupe, akakinyoosha pembe zote nne kwa utaratibu.

"Huyo mgeni wenu," alitania Maame Aba, "hali, hanywi, hachangii, lakini kiti hakimkosi!"

"Huyo ndiye aliyechangia kuliko sisi wote, Mama," alijibu Kwamena. Wala hakutabasamu.

Mzee Bentsil, mkuu wa ukoo, akasimama kando ya kiti na glasi mbili kwenye sinia: moja ya maji, moja ya asali. Watu wakainamisha vichwa.

"Bwana, ulialikwa arusini ukaenda. Nasi tunakualika. Njoo ukae nasi, utujaze pale tulipopungukiwa."

"Amina!"

Usije, aliomba Ewurama moyoni. Leo tu, Bwana, usije.

Mzee akachovya kidole katika asali, akamgusisha mtoto ulimini. "Ukiona asali, sema ni asali." Mtoto akalamba, watu wakashangilia. Kisha akainua glasi ya maji, lakini hakuchovya. Katika ukoo ule, maji hayamgusi mtoto kabla mama yake hajatamka siku mbele yake, maana mtoto hafundishwi ukweli juu ya uongo.

"Haya, mama watoto. Nasikia hapa kuna mabishano ya Kweku na Ekow. Tumalizie. Kazaliwa siku gani?"

Mama Tawiah akamkonyeza Maame Aba. Ewurama akafungua kinywa, na humo hamkuwa na Jumatano wala Alhamisi.

"Sema, binti. Siku gani?"

Mtoto akageuza uso, akatafuta ziwa. Machozi ya Ewurama yakamdondokea kichwani.

Ndipo Kwamena akasogea. Akachovya kidole chake mwenyewe katika maji, akakiweka taratibu kwenye ulimi wa mtoto, na mkono wa pili akaukamata mkono wa mkewe.

"Maji ni maji," alisema, na sauti yake ikafika langoni. "Siku aliyozaliwa hatuijui. Jumapili ile mtoto wetu wa kumzaa alipozaliwa hana pumzi, huyu alikutwa amelazwa juu ya kiti hiki, na aliyemwacha hajaonekana hadi leo. Mwiteni Kwesi, wa Jumapili, na mwenye kiti awe shahidi pamoja nanyi: tangu leo mpaka nizikwe, mimi ndiye baba yake, na huyu ndiye mama yake."