Kushuka Ville

"Clovis. Mrefu, mwembamba, iko na kovu hapa." Mzee Wenceslas alijigusa nyusi yake mwenyewe. "Anashuka ville kila asubuhi."

Amani, mlinzi wa duka, akacheka bila ubaya. "Papa, Lubumbashi nzima inashuka ville kila asubuhi."

Hilo lilikuwa duka la saba tangu jua lichomoze, na siku yenyewe ilikuwa ya tatu. Wenceslas ni mkulima wa mpunga kutoka Kasongo. Alipanda pikipiki mpaka Samba, akapanda treni, akalala juu ya magunia ya watu wiki mbili, kisha akatua hapa ville, katikati ya mji huu wa vioo na honi. Alidhani kumtafuta mtu ville ni kama kumtafuta katika soko la Kasongo: unataja jina la baba yake, unaonyeshwa mlango. Wapi! Hapa hata ukianguka, watu wanakuruka na kwenda zao.

"Simu yake?" Amani akauliza.

"Inapita Jumapili tu. Siku zingine anasema kule kazini rezo ya simu haifiki. Na Jumapili hii hakupiga."

"Anajua kama umekuja?"

"Hapana. Ningemwambia, angenikataza."

"Sasa anafanya kazi gani?"

Mzee alijikaza. Anwani hakuwa nayo, picha hakuwa nayo. Alikuwa na maneno ya mtoto wake tu, na aliyashika kama mtu anayevuka mto na mayai mkononi. "Anasema wako chini, jua hawalioni mpaka jioni. Moteri inapiga kelele mchana kutwa. Na PDG wao, ule mukubwa wa kazi, ni mutu muzuri sana, wanakula naye sahani moja."

"PDG? Sahani moja?" Amani akapiga makofi. "Papa, mimi niko na miaka minne hapa, PDG wetu sijamwona hata kisogo!"

Lakini lile neno "chini" lilimfanya afikiri. Alimwachia mwenzake mlango, akamshika mzee mkono, wakateremka ngazi za nyuma hadi depo ya duka. Kulikuwa na giza. Jenereta ilinguruma ukutani, na vijana watano walikuwa wakibeba magunia ya sukari, jasho likiwatiririka.

Mzee akauachia mkono wa Amani. Ni hapa! Mungu wangu, ni hapa hapa!

"Clovis!"

Kijana mmoja, mrefu, mwembamba, akageuka. Wenceslas alimkimbilia, akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuzia kwenye taa. Nyusi zote mbili zilikuwa nzima.

"Pole, papa," kijana akasema, akainama kuchukua gunia lake.

Mzee alirudi juu akaketi kwenye ngazi za duka, kifuko cha mchele mpya wa Kasongo kikiwa magotini. Watu walipita na mifuko yao, wengine wakimkwepa, mama mmoja akamtupia noti akidhani anaomba. Hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Angefanya nini? Aanze kuita jina la mwanawe barabarani, kama mtu aliyepoteza mbuzi?

Kilichomtoa nyumbani ni kikohozi. Kila Jumapili kilizidi kwenye simu, mpaka mtoto akawa hamalizi salamu. "Ni vumbi ya ville, papa, usijali." Vumbi gani? Siku tatu Wenceslas alilitafuta vumbi hilo asilione. Barabara zote lami, na asubuhi wanawake wanamwaga maji mbele ya maduka na kufagia. Basi mtoto anaumwa na anaficha. Alikuwa amekuja kumchukua, amrudishe kwa mama yake, hata kwa kumbeba mgongoni.

Na bado alimwonea fahari. Miaka miwili iliyopita walimzika Pierre, mdogo wake Wenceslas, aliyefunikwa na udongo kule Lusangi akitafuta dhahabu. Mbele ya kaburi Wenceslas alimshika Clovis bega: "Siku utaingia mu shimo, mimi si baba yako tena." Mtoto akaitika. Baadaye akaaga na rafiki yake Kadogo kwenda kutafuta maisha, na Jumapili ya kwanza akapiga simu: "Papa, niko Lubumbashi-Ville. Kazi nimepata." Wenceslas alitangaza kanisani. Wengine watoto wao wanaliwa na mashimo, wa kwake anashuka ville!

Simu ikalia. Alikaribia kuiangusha kwa haraka. Alikuwa Cécilia, mke wake.

"Papa Clovis, uko wapi?"

"Niko ville. Leo pia sijamwona. Lakini maduka iko mengi bado, usi..."

"Rudi." Nyuma yake sauti za wanawake wengi zilikuwa zikilia. "Kadogo amefika sasa hivi kwa pikipiki, ametoka Salamabila. Anasema ville imebomoka tangu Jumamosi. Clovis iko ndani."

Wenceslas akainua macho. Vioo vilimeta, milango ilifunguka na kufungwa, watu walikuwa wananunua viatu. Kwa mara ya kwanza tangu afike alicheka, machozi ya nafuu yakimtoka.

"Mama Clovis, acha kulia! Kadogo anadanganya. Mimi nimeketi ndani ya ville yenyewe, hata tofali moja halijaanguka."

"Si hiyo yako," Cécilia akasema. "Ni ya huku Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Lubumbashi-Ville ni jina la shimo."