Bangili ya Kumi

Mwaka ule wa ukata, wanawake wa mtaani walimrudishia sonara Mselemu bangili alizowafulia siku za harusi zao, wapate pesa za kununulia unga. Mnunuzi wa dhahabu alibaki mmoja tu, Bi Shemsa, mke wa mwenye duka la unga.

"Mkufu huu mwepesi," alisema, akiupima kiganjani. "Ongeza dhahabu. Siku hizi si mnaipata rahisi?"

Kwa mkufu huo Mselemu alikwisha kuyeyusha bangili tisa. Ya kumi ilikuwa na alama za meno ya mtoto.

"Rahisi kwa nani, mama?"

Akazima moto, akamsukumia bangili ile.

"Hebu papasa hapa."

Kidole chenye pete tatu kikasimama juu ya vijishimo vya meno.