Rubani Aliyefika Kwao

Bi Mwantumu alimpokonya binti yake kipaza sauti filamu ikiwa bado inaendelea.

"Acha kumtaja baba yako!" alifoka.

Spika zikapiga mluzi. Walimu, wanafunzi na wazazi waliojazana katika ukumbi wa shule moja ya Handeni wakageuza vichwa.

Ukutani, marubani wa Kicheki waliendelea kuzikimbilia ndege zao. Wajerumani walikuwa wameichukua nchi yao, marubani hao wakatorokea Uingereza, wakapewa ndege za wenyeji, wakawa wanapigana ugenini ili siku moja warudi nyumbani. Filamu ilikuwa ya Kicheki, maandishi yake yakawa ya Kiingereza. Munira, mwalimu wa historia, alisimama pembeni akiwatafsiria watu kwa Kiswahili. Kila rubani alipoanguka, Munira aliongeza la kwake: "Ndivyo alivyokuwa marehemu baba."

Hakuna aliyeshangaa. Handeni nzima iliijua habari ya Zaidi Ogwal. Alifika pale akiwa kijana, pamoja na wapiganaji wa Uganda waliomkimbia dikteta wa kwao. Akasilimu ili amuoe Mwantumu. Vita vya Kagera vilipoanza, wenzake walipakiwa kwenye malori hadi stesheni ya Korogwe, wakapanda treni kwenda kuikomboa nchi yao. Naye aliondoka nao, akamwacha mkewe na mimba. Hakuonekana tena. Munira alikua akiitwa mtoto wa shujaa, na kesho yake ukumbi ule ule ulikuwa upewe jina la baba yake. Filamu ilikuwa ya kuwaandaa watu.

"Mama, kaa," Munira alinong'ona. "Imebaki kidogo."

Bi Mwantumu akamrudishia kipaza sauti, akakaa.

Ikafika sehemu ya mwisho. Vita vimekwisha, rubani amerudi kwao. Badala ya kupokewa kwa shangwe, anakamatwa. Serikali mpya inasema aliyepigana upande wa Waingereza hafai kuaminiwa. Mlango wa gereza unafungwa nyuma yake.

Watu waliguna. "Jamani, binadamu hawana shukrani," mama mmoja alisema, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Bi Mwantumu akasimama tena, kidole kaelekeza ukutani.

"Mnamlilia nini huyu? Huyu alifika! Wamemfunga, lakini kwao alifika! Alisema atakwenda, akaenda!"

Akina mama waliinamisha vichwa. Walimwelewa. Wa kwake hakufika.

Munira hakumwelewa. Alikuwa na hasira. Walipofika nyumbani, mama yake aliketi uani na kuanza kupepeta mahindi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Umeniaibisha mbele ya wanafunzi wangu," Munira alisema. "Kesho mgeni rasmi anakuja. Utampokonya na yeye kipaza sauti?"

Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Hukumkalia eda. Hukumsomea hitima hata moja. Nikikwambia twende Uganda tukaulizie alikozikwa, unakuwa mkali kama pilipili. Mtu aliyetoa roho yake kwa ajili ya nchi yake! Amekukosea nini shujaa wa watu?"

"Watu ndio waliosema shujaa," mama alijibu. "Mimi nilinyamaza tu."

"Basi endelea kunyamaza!"

Maneno yalishamtoka. Hakuwa amewahi kumjibu mama yake vile. Bi Mwantumu aliusukuma ungo, mahindi yakamwagika na kuku wakayavamia. Hakuwafukuza.

"Vaa viatu," alisema.

"Twende wapi?"

"Korogwe."

Munira alidhani amesikia vibaya. Alipopangiwa kazi Korogwe, akiwa mwalimu mpya, mama yake huyu huyu alilia na kugoma kula mpaka Munira akahamishwa. Hata nguo za harusi walikwenda kuzinunua Tanga.

Wakapanda basi. Bi Mwantumu alikaza macho kwenye mashamba ya mkonge. Taratibu hasira ya Munira ikaanza kugeuka huruma. Alidhani ameelewa: mama anakwenda stesheni. Anataka kusimama pale ambapo treni ilimchukua mumewe, alie kilio alichokizuia tangu ujana wake. Munira akajiandaa kumshika mkono na kumwomba radhi.

Waliposhuka Korogwe, Munira alielekea upande wa reli.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza. "Kule hakuna kitu."

Akashika njia ya sokoni, akikata kona bila kumuuliza mtu. Akapita mafundi cherehani, akapita wauza dagaa, akasimama mbele ya kibanda cha fundi baiskeli. Mzee mmoja mrefu, mweusi sana, alikuwa ameinamia gurudumu. Ndani, mwanamke wa makamo alikuwa anapanga matairi.

"Baba Fausta, una wateja," muuza dagaa alimwita.

"Karibuni," mzee alisema, bado ameinama.

"Hatujaleta baiskeli," alisema Bi Mwantumu.

Mzee akainua uso. Spana ikamponyoka. Alimtazama Bi Mwantumu, kisha Munira, akarudia kumtazama Munira kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mwantumu," alisema kwa sauti ya chini. "Treni ile..."

"Najua hukuipanda." Bi Mwantumu alimgeukia binti yake. "Munira, mpe baba yako shikamoo. Halafu mkaribishe kesho, aje auone ukumbi wake."