Kuhama kwa Hiari

Tangu Kamusi Rasmi ianze kutumika, maneno yaliyofutwa hayakuruhusiwa kutamkwa wala kuandikwa, hata nyumbani. Mwanahamisi Komora aliyajua maneno hayo kuliko wengi. Kwa miaka tisa alizunguka vijiji vya Mto Tana akiwafundisha watu maana ya haki ya tabianchi, ya fidia, ya kufukuzwa kwenye ardhi yako. Siku hizi alikuwa akishona sare za shule, na wale aliowafundisha walimsalimu kwa kuinamisha kichwa tu.

Alasiri moja binti yake, Rukia, alimletea daftari.

"Mama, leo tumepewa neno jipya la Kamusi, 'kuhama kwa hiari'. Tutunge sentensi."

Mwanahamisi akasoma: Baba yangu alihama kwa hiari siku maji ya bwawa yalipoingia nyumbani

Siku hiyo ya maji, Mwanahamisi alikuwa juu ya paa, Rukia mgongoni, akiushika mkono wa mumewe mpaka ukamponyoka. Sasa alingoja hasira impande. Haikuja. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Ni sawa?" Rukia aliuliza.

"Umesahau nukta."

Rukia akaiweka, kisha akafikiri kidogo.

"Mwalimu akiniuliza amehamia wapi, nimwambie nini?"

Mwanahamisi alitazama sentensi ile. Haikuwa na kosa lolote.

"Mwambie bado hajatuandikia," alisema, akachukua kalamu, akatia sahihi mahali pa mzazi.